Billy Robinson: kutoka kibanda cha Wigan mpaka Tokyo

Haya, wazee wangu mliokaa mbele shikamooni, na nyie vijana mlioegemea ukuta huko nyuma mambo vipi. Nimeombwa niongelee bingwa mmoja wa enzi zile za mieleka ya Uingereza, na najua anayeifahamu kidogo atakuwa anamsubiri Big Daddy, lile bonge la mtu la kilo zaidi ya 150 lililokuwa linawaangukia wenzake kwa tumbo huku ukumbi mzima unaimba. Sina ugomvi naye, alipendwa na watoto na bibi zao, Mungu amrehemu. Ila leo namtaka Billy Robinson.

Na kabla mtu hajanyoosha mkono kuniuliza kama ile ni maigizo, naomba tulimalize hili mapema: ndiyo, matokeo yalikuwa yanapangwa. Televisheni ya ITV ilianza kurusha mieleka mwaka 1955, na kuanzia 1965 ikaingia ndani ya kipindi cha World of Sport, Jumamosi saa kumi jioni, Kent Walton anatangaza, na watu nyumbani wanaangalia huku wanasubiri matokeo ya mpira. Ngumi ndondi hakuna, ni raundi kwa raundi, mabega chini mara mbili au mpinzani asalimu amri mara mbili basi umeshinda, refa anatoa maonyo, yaani ukiangalia unaona mchezo kabisa. Lakini nyuma kulikuwa na Joint Promotions, umoja wa mapromota ulioanzishwa 1952, na wao ndio waliokuwa wanajua nani atashinda kabla hata tiketi hazijauzwa. Sasa kama mkanda anakupa promota, ubingwa wako unapimwa na nini? Mimi ndio maana namfuata huyu mzee, kwa sababu kabla hajaingia kwenye biashara ya kupangiwa alipita sehemu ambayo haikuwa na kupangiwa hata kidogo.

Kazaliwa Manchester, Septemba 1938, familia ya wapiganaji, ndondi ndio mkate wao. Na yeye angeenda huko huko ila aliumia jicho utotoni, vibaya, na jicho likiwa bovu leseni ya ndondi sahau. Kwa hiyo akiwa kijana mdogo akapelekwa Wigan, kwenye jimu ya Billy Riley.

Wigan jamani ni mji wa makaa ya mawe na viwanda vya nguo, na wachimbaji wa kule Lancashire walikuwa na mieleka yao ya miaka na miaka, ya kukamata popote unapoweza, mguu, shingo, kifundo, halafu ama unambana mabega chini ama unamkunja mpaka apige kelele. Jimu yenyewe usifikirie vioo na feni, ni kibanda cha bati, mkeka mgumu, joto la chumba ni jasho lenu wenyewe. Riley alikuwa bingwa wa zamani na hakuwa mtu wa kukubembeleza. Mgeni ukifika wewe ndio mdoli wa mazoezi, wakubwa wanakukunja wiki na wiki, hakuna anayekueleza kitu, na ukiendelea kurudi ndio siku moja mtu anakuonyesha namna ya kuzuia kile alichokuwa anakufanyia. Wengi walikuwa hawarudi.

Robinson alirudi kwa miaka. Mwaka 1957 akawa bingwa wa Uingereza kwa upande wa ridhaa, na hapo tunaongelea mieleka halisi ya mashindano. Lakini mtu aliyemfundisha adabu ni Billy Joyce, wa jimu hiyo hiyo, ambaye ukimwona barabarani ungedhani ni karani wa posta, wala hana misuli ya kutisha. Robinson mpaka uzeeni alikuwa anamtaja Joyce kama mtu aliyemzidi ujuzi. Na mwaka 1967 ni kwa huyo huyo Joyce alikochukua mkanda wa uzito wa juu wa Uingereza. Ulipangwa? Kwenye karatasi bila shaka, ila fikiria, wote wawili waliokuwa ulingoni walijua ukweli wa jimuni, na promota yeyote mwenye akili hawezi kumpa mkanda mtu ambaye mwenzake akikasirika atamvua mbele ya watu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya watu wa Wigan kwenye ile biashara, walikuwa kama askari wa zamu. Mtu akijifanya mjuaji, akakataa kufuata makubaliano, anapangiwa mtu wa Riley wiki inayofuata, na anarudi akiwa na heshima.

Sasa nisimpambe sana. Robinson alikuwa mkorofi. Alipohamia Marekani miaka ya 70 akafanya kazi na Verne Gagne, mwanamieleka na promota wa kule Minnesota, wakawa wanafundisha wageni shambani kwa Gagne, kundi lile la 1972 lilikuwa na Ric Flair na Iron Sheik, waliokuja kuwa mastaa wa mieleka, na walioisimulia ile kambi hawaisimulii kwa furaha, mzee alikuwa anawaumiza wanafunzi kama yeye alivyoumizwa. Mimi naona hapo alichemka. Kupigwa kwake Wigan kulikuwa na mwisho, ukishavumilia unafundishwa, lakini kumkunja mtu ili tu ajue wewe ni nani, hilo sio somo. Na ile stori ya yeye kupigana na Peter Maivia, babu yake The Rock, nje ya ulingo kule Japan, kila msimuliaji ana mshindi wake kwa hiyo tuiache hapo hapo.

Twende Japan, maana ndiko utamu uliko. Alifika mara ya kwanza 1968 na Wajapani wakamkubali papo hapo, wakampa ubingwa wa dunia wa kampuni yao ya mieleka ya IWE na wakamwomba awafundishe vijana wao. Halafu tarehe 11 Desemba 1975, Tokyo, akakutana na Antonio Inoki, staa wa mieleka wa Japan. Dakika 60. Kaitafuteni, ninyi mliozoea mechi za dakika nane na moto unalipuka mlangoni. Kuna nusu saa nzima pale ambapo wanatafutana mikono tu, huyu akishika kifundo yule anageuza nyonga, na ukumbi umetulia kwa sababu watu wanaelewa wanachoangalia. Dakika ya 42 Robinson anamgeuza mgongo kwa mgongo na kumbana mabega, moja bila. Inoki anahangaika, saa inaenda, na ikiwa imebaki chini ya dakika moja anajiviringisha juu yake kama pweza na Robinson anasalimu amri, moja moja, sare. Na ndani ya mechi hiyo mtaona ule mtupo wake maarufu, anamwinamisha mtu, anapitisha mikono yake yote miwili chini ya makwapa ya jamaa, anaifunga, kisha anajikunja nyuma kama daraja mpaka mwenzake anapita hewani juu yake. Shingo yake ndiyo inayobeba uzito wote ule.

Miaka ya 90 mwili umeshachoka, magoti yameisha, anarudi Japan kama kochi kwenye kampuni ya mieleka ya UWFi, na kati ya wanafunzi kuna kijana mmoja wa mieleka ya chuo, Kazushi Sakuraba. Baadaye 1999 ikafunguliwa jimu Tokyo iliyopewa jina la kile kibanda cha Wigan na yeye ndiye kochi mkuu. Sasa nyie wa UFC, wa mapigano ya mchanganyiko, mnamjua Sakuraba. Mwaka 1999 anamkunja mkono Royler Gracie, wa ile familia ya jiu-jitsu ya Brazil, mpaka refa anasimamisha. Mei 2000 anapigana na Royce Gracie dakika 90, tisini jamani, mpaka kona ya Royce inarusha taulo. Agosti mwaka ule ule kiwiko cha Renzo Gracie kinatoka mahali pake. Na hayo hayakupangwa na promota yeyote.

Mkunjo uliomaliza Royler na Renzo ndio huu ninaotaka kuuonyesha kabla ya maswali. Nyie mnauita kimura, Lancashire waliutumia tangu wazee wa Riley. Wewe kijana wa tisheti ya bluu njoo hapa, vua saa. Nipe mkono wako wa kulia. Mkono wangu wa kushoto unashika kifundo chako hivi, kidole gumba kikiwa pamoja na vingine, sio kuzunguka. Wa kulia unapita juu ya mkono wako, unarudi kwa chini, unashika kifundo changu mwenyewe, umeona umefungwa? Kiwiko chako nakivuta kifuani kwangu kwanza, hapo ndipo wengi wanaharibu, wanakimbilia kuzungusha. Sasa naupeleka mkono wako nyuma ya mgongo taratibu. Usikaze bega. Ukisikia uchungu nigonge mara mbili, na wengine sogeeni karibu muone miguu yangu ilipo.