Kazi ya Ofisi na Kazi ya Nyumbani kwa Shefu

Mama, papa, vijana wa Katuba na Kamalondo, asanteni kwa kufika. Leo tuseme kwa sauti jambo ambalo wengi wenu mnalinong'ona tu jioni mkitoka kazini: shefu anayewatuma mambo yake mwenyewe.

Hapa Lubumbashi tunasaidiana, na ni vizuri. Shefu akifiwa, tunakwenda matanga, tunachanga, tunabeba viti. Usipofika, kesho yake anakusalimu kama kawaida. Huo ni msaada. Lakini ukishindwa kumpokea mgeni wake kwenye uwanja wa ndege wa Luano siku ya Jumapili, na Jumatatu jina lako halimo tena kwenye orodha ya marupurupu, basi ile ilikuwa amri, na amri hiyo haimo katika mkataba wako. Sheria ya Kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inakudai kazi mliyokubaliana, mahali na wakati mliokubaliana, na saa zisipite 45 kwa juma.

Wanaoniumiza roho zaidi ni makeshia. Shefu anainama dirishani, anashusha sauti: "Mama, nipe kwanza dola mia, kesho narudisha." Karatasi hakuna. Kesho inageuka juma, juma linageuka mwezi. Wakaguzi wakifungua sanduku, pesa hazimo, na saini ya kwenye daftari ni yako, si yake. Anayefukuzwa ni wewe, na pengine unalipishwa. Kwa hiyo mjibu siku ile ile ya kwanza, kwa heshima, daftari likiwa wazi mbele yenu: "Papa, pesa hii haitoki bila karatasi yenye saini yako na ya mhasibu, la sivyo jioni hesabu haitafunga." Anayetaka kwa siri ataondoka mwenyewe. Ukitoa mara tatu ukinyamaza, mara ya nne ataona wewe ndiye umebadilika. Hata hivyo, aliyekwisha kutoa anaweza kuanza kukataa leo.

Najua mtaniambia: kazi ni chache, watoto wanakula nini? Ni kweli kabisa, ndiyo maana sitaki mtu asimame peke yake. Anza na delege, yaani mwakilishi wa wafanyakazi. Ikishindikana, nenda kwa inspekta wa kazi, kwa sababu usuluhishi wake unatangulia tribunali, yaani mahakama ya kazi. Sheria inakataa kufukuza mtu bila sababu halali, na kumshtaki mwajiri si sababu halali. Tribunali inaweza kuamuru urudishwe kazini, au ulipwe fidia isiyozidi mishahara ya miezi 36. Njia hiyo ni ndefu, na wengi wanachoka katikati; usiianze bila karatasi zako.

Sasa dada zangu, na ninyi kaka pia. Shefu akitumia cheo chake kukubana akitaka mwili wako, hilo ni kosa la jinai. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 inaweka kifungo cha mwaka 1 hadi 12 na faini, au moja tu kati ya adhabu hizo. Ila kesi haianzi mpaka mwenyewe uliyetendewa upeleke mashtaka. Usifute ujumbe wa simu kwa aibu. Mwambie mtu unayemwamini siku hiyo hiyo, na aandike tarehe.

Mwenye swali asimame. Asiyetaka kusikiwa na wengine, mama wa sendika, chama cha wafanyakazi, aliyeketi mstari wa mbele atabaki hapa mpaka wa mwisho aondoke.