Kabla Hujaiamini Hali ya Hewa ya Moja kwa Moja Kwenye Simyuleta

Haya marubani wenzangu, karibuni. Kuwasha mchezo, kuchagua ndege, kuchagua uwanja, hayo mnayajua, napita. Kwenye menyu ya hali ya hewa chagua ile ya moja kwa moja. Basi.

Injini bado. Kwanza fungua METAR, yaani ripoti fupi ya hali ya hewa ya uwanja wako, hapa pembeni. Viwanja vingi huitoa kila saa au kila nusu saa, na hutoa nyingine hali ikibadilika ghafla. Kwa hiyo hiyo "sasa hivi" unayoiona dirishani huenda ni ya dakika 40 zilizopita.

Na huko katikati ya bahari, nani anapima? Hapo simyuleta hujazia utabiri wa kompyuta. Simyuleta ya X-Plane 12 huchota GFS, utabiri wa kompyuta wa Marekani, inayokokotolewa mara 4 kwa siku. Mimi naupenda sana utabiri huo, maana upepo wa futi 30,000 unakuja vizuri ajabu. Ila hata data zake zenye nukta za karibu zaidi zina nafasi ya kilomita 28 hivi kutoka nukta hadi nukta, na wingu la radi hutosha kujificha humo. Ukiliona kwenye skrini, usidhani limekaa mahali lilipo kweli.

Tusome hii: 27012KT 9999 SCT025 24/18 Q1009. Subiri, taa inaakisi kwenye skrini... nasogeza kamera. Sasa inasomeka.

Upepo unatoka digrii 270, noti 12, yaani maili 12 za baharini kwa saa. Sawa. Hiyo 9999 ndiyo yenye mambo: maana yake unaona kilomita 10 au zaidi. Hata kama mlima ulio umbali wa kilomita 60 unaonekana wazi, namba haibadiliki. Simyuleta ikiichukulia kuwa ni 10 kamili, inakupaka utusitusi ambao nje haupo. SCT025 ni mawingu yasiyozidi nusu ya anga, kitako chake futi 2,500 juu ya uwanja. Kilele hakikuandikwa, kwa hiyo unene unaouona ni makadirio. 24/18 ni joto na kiwango cha umande, napita.

Sasa Q1009. Hapa twende polepole. Huo ni mgandamizo wa hewa, na altimita, kile kipimo cha urefu wa ndege, lazima iwekwe namba hiyo. Kwenye Microsoft Flight Simulator bonyeza B. Halafu tazama kidirisha cha altimita, hakikisha namba imebadilika. Kila hektopaskali 1 ni kama futi 27. Ukiacha 1013, ile namba ya kawaida, huku uwanja una 1003, altimita inakuambia uko juu karibu futi 270 kuliko ulivyo. Ndani ya wingu, hizo ndizo futi zako za usalama.

Na usibonyeze mara moja tu! Ukiwa safarini mgandamizo unabadilika, na simyuleta ikipakua data mpya unaweza kuruka ghafla. Ukianza kushuka, bonyeza tena. Kabla ya kutua, tena, kisha linganisha na METAR ya uwanja unakokwenda.

Ndege imeondoka, naharakisha video... tunakaribia kutua. Mmeona? Upepo umegeuka kwa mkupuo, pua imeyumba. Hiyo ni data mpya imeingia. Ongeza nguvu, panda, zunguka, anza upya.

Kama leo unafanya mazoezi ya kutua tu, rudi menyu, zima ya moja kwa moja, andika mwenyewe upepo na mgandamizo kutoka METAR. Vitatulia hivyo hivyo mpaka umalize.