Bei ya Maiti: Edinburgh, 1828

Ndugu wasikilizaji, naomba tuanze na deni la pauni 4.

Novemba 1827, askari mstaafu aliyejulikana kwa jina la Donald alifariki kwa maradhi katika nyumba ya kupangisha vitanda, eneo la West Port, mjini Edinburgh, Uskoti. Alikuwa akisubiri pensheni yake. William Hare wa nyumba hiyo alikuwa akimdai, basi yeye na mwenzake William Burke wakaitoa maiti jenezani, wakajaza magome ya miti ya kulainishia ngozi, na jeneza likaenda kuzikwa. Maiti waliipeleka Surgeons' Square, kwenye madarasa ya anatomia ya Dk. Robert Knox, ambako wanafunzi wa udaktari walijifunza kwa kupasua maiti. Wakalipwa pauni 7 na shilingi 10.

Donald hakuuawa na mtu. Lakini siwezi kuusimulia mkasa huu kuanzia kwingine, maana usiku ule ndipo watu hawa wawili walipojua kwamba marehemu huwa na thamani kuliko deni aliloliacha.

Thamani hiyo ilitoka wapi? Edinburgh ilikuwa kitovu cha elimu ya udaktari, na Knox peke yake alikuwa na wanafunzi zaidi ya 400. Sheria iliwapa walimu hasa maiti za wauaji walionyongwa, nao hawakutosha hata kidogo. Wezi wa maiti wakaingia makaburini usiku. Wenye uwezo wakawafunika wapendwa wao kwa vizimba vya chuma, wakajenga na minara ya walinzi. Maskini hakuwa na kizimba.

Kuanzia mapema 1828 hadi tarehe 31 Oktoba, Burke na Hare waliua watu 16. Waliwalewesha, kisha wakawaziba pumzi, njia isiyoacha jeraha la kuonekana. Majira ya baridi walilipwa pauni 10 kwa maiti moja, majira ya joto pauni 8, kwa sababu nyama huoza upesi. Naomba mzikumbuke bei hizo mbili. Kwangu mimi zinaeleza zaidi kuliko picha zote za Burke zilizochorwa na kuuzwa mitaani.

Baadhi ya waliouawa tunawajua: Mary Paterson, Margaret Docherty, na James Wilson, kijana mlemavu wa mguu ambaye mji mzima ulimfahamu. Inaelezwa kuwa wanafunzi walimtambua pale mezani, Knox akakana kwamba ni yeye. Wengine hawana hata jina. Yuko bibi mmoja na mjukuu wake, basi, hakuna zaidi ya hapo. Mwandishi hushawishika kumpa bibi huyo jina, shali, na wimbo wa kumbembelezea mtoto. Nawasihi msifanye hivyo. Walishanyang'anywa uhai na kaburi; tusiwavishe na maisha ambayo hayakuwa yao.

Waliokomesha mauaji ni Ann na James Gray, wapangaji, watu fukara na wenye mtoto wa kulea. Ann aliikuta maiti ya Docherty chini ya majani makavu, pembeni ya kitanda. Helen McDougal, aliyeishi na Burke, akamwahidi pauni 10 kila wiki anyamaze. Pauni 10, bei ya mtu mzima wakati wa baridi! Wakakataa, wakaenda polisi. Simulizi nyingi huwapitia hawa wawili kwa sentensi moja, nami jambo hilo huniuma.

Hare alisamehewa ili atoe ushahidi. Kesi ilianza tarehe 24 Desemba, ikakesha, na hukumu ikatoka asubuhi ya Krismasi: Burke anyongwe. McDougal akaachiliwa kwa kukosa uthibitisho. Knox hakushtakiwa. Tarehe 28 Januari 1829 Burke alinyongwa mbele ya umati mkubwa, kisha akapasuliwa mbele ya wanafunzi. Mifupa yake imo hadi leo katika jumba la makumbusho la anatomia la Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mwaka 1832 Bunge likapitisha Sheria ya Anatomia. Wauaji hawakupelekwa tena kupasuliwa. Badala yao madaktari waliruhusiwa kupewa maiti za waliofia katika nyumba za maskini bila ndugu wa kuja kuwachukua. Mzee Donald, kama angefia humo, angefikishwa kwenye meza ileile, safari hii kwa kibali cha serikali.