Kura za wapigaji bora: homrani peke yake hazitoshi bana

NAKURU: Mambo vipi watu wetu, karibuni tena, mimi niko hapa Nakuru, mwenzangu yuko Kisumu, na leo tunaingia moja kwa moja kwa sababu msimu wa ligi yetu ya besiboli ya online, ile kila mtu ana timu yake na programu ndio inacheza mechi, umeisha na kura za tuzo za wapigaji zinafungwa wiki hii. Sis, uko poa?

KISUMU: Niko fiti bro, ni hii joto tu. Lakini nina kitu kimenikaa hapa rohoni, wacha nikitoe mapema. Watu kwa grupu wameshaamua mpigaji bora ni yule jamaa wa besi ya kwanza, ati kwa sababu ameongoza homrani, yaani kupiga mpira hadi nje ya uwanja. Wameangalia safu moja ya takwimu wakafunga simu.

NAKURU: Si homrani ni homrani lakini? Mpira ukitoka uwanjani umetoka.

KISUMU: Umetoka, lakini umetokea uwanja gani? Mwenye hiyo timu aliset uwanja wake ukae kama ule wa Denver, Marekani, unaitwa Coors Field. Huko ni karibu mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, haizuii mpira sana, kwa hivyo mpira ukipigwa unaenda tu, na ile mipira ya kupinda ya pitcha, yule anayemrushia mpigaji, nayo haipindi vile inafaa. Tangu 2002 wanaweka mipira kwa chumba chenye unyevu ndio isiruke ovyo, na bado wapigaji wanakula vizuri huko. Programu yetu inahesabu hizo vitu zote.

NAKURU: Na Nakuru tuko juu kuliko Denver, tuko mita 1,800 na kitu! Mtu akicheza hii kitu pale Afraha mipira itatafutwa barabarani.

KISUMU: Sasa si umeona? Na hapa kwetu kando ya ziwa ni 1,100 na kitu, mkono ule ule, beti ile ile, mpira unaanguka mapema. Fungua ukurasa wa huyo jamaa uangalie nyumbani kando, ugenini kando. Ugenini homrani zimekauka kabisa. Mimi kura yangu ni ya yule wa fildi ya kulia, hana homrani mob lakini kila saa yuko kwa besi. Huyo anangoja, pitcha akirusha nje ya zoni, ile sehemu mpira unafaa kupita, hatingishiki, inafika boli ya nne anapewa besi ya bure anatembea zake.

NAKURU: Hiyo ya kutembea ndio watu hawaipendi sis, haina raha ya kuangalia.

KISUMU: Lakini inaleta pointi! Chukua Barry Bonds wa San Francisco, ligi kuu ya Marekani, 2004. Besi za bure 232, na 120 kati ya hizo ni za makusudi, yaani timu ingine imeamua heri aende tu kuliko apige. Akamaliza na OBP, ile hesabu ya kufika besi, ya 0.609, yaani akienda kupiga mara kumi mara sita anafika besi. Homrani alikuwa nazo 45, aliyeongoza ligi yao ni Adrián Beltré na 48, na MVP, tuzo ya mchezaji bora, bado ilienda kwa Bonds. Kama wapigaji kura wa huko waliona hiyo, sisi tunashindwa na nini?

NAKURU: Okei hapo umenishika. Lakini huyo mtu wako si aliumia, hajafikisha mara 502 za kwenda kupiga, na hiyo ndio hesabu ya kuingia kwa taji la wastani wa kupiga, 3.1 kwa kila mechi, mechi 162.

KISUMU: Na hapo kuna sheria poa sana, natamani kila mtu aijue. 1996 Tony Gwynn wa San Diego alimaliza na 498, amepungukiwa na nne. Unamwongezea hizo nne kama ametolewa zote, auti, auti, auti, auti, halafu unapiga hesabu upya. 0.353 yake ikashuka ikakuwa 0.349, na aliyemfuata alikuwa na 0.344, kwa hivyo taji ni la Gwynn. Na huyo wa pili, Ellis Burks, unajua alikuwa anachezea wapi? Denver.

NAKURU: Wueh! Hiyo sikuwa nimeiunganisha. Basi wastani tufanye hivyo, mwongezewe auti zake na kama bado ako juu apewe. Mimi pia nataka tuchukue kitu moja kwa Silver Slugger, ile tuzo ya wapigaji ya ligi kuu ya Marekani, iko tangu 1980, wanaopiga kura ni mameneja na makochi na hawaruhusiwi kupigia watu wa timu zao. Huku kwetu kila mwenye timu anapigia mtu wake, sasa hiyo ni uchaguzi ama ni harambee?

KISUMU: Nakubali asilimia mia, hata kama inamaanisha huyo wa fildi ya kulia nisimpigie kama angekuwa wangu. Bahati nzuri si wangu.

NAKURU: Mimi nimebadilisha, nampa yeye mpigaji bora. Huyu wa besi ya kwanza nampa ya homrani, hiyo amefanyia kazi. Rookie, yaani mchezaji mpya bora, sina haja ya kuongea, wote tunajua. Shotstopu, yule wa kati ya besi ya pili na ya tatu, je?

KISUMU: Shotstopu bado tutagombana, usinianzie. Nitumie takwimu zake za ugenini kwanza.