Umiliki wa Gari la Kale la Dragi: Anza na Aliye Nalo Leo

Mheshimiwa mwenyekiti, ndugu wasikilizaji, nashukuru kwa nafasi hii. Wengi wenu mmeshanisikia nikizungumzia magari haya, kwa hiyo sitaeleza tena kwa kirefu mbio za dragi, ambapo magari mawili hushindana kwa kasi katika njia iliyonyooka ya robo maili, wala kwa nini watu wazima hulivuta gari kwa tela siku nzima ili likimbie kwa sekunde chache. Nimekuja na jambo lile lile la siku zote, na nitaendelea kulirudia mpaka wanunuzi walielewe: historia ya umiliki wa gari la kale la mashindano hufuatiliwa kutoka kwa aliye nalo leo kwenda nyuma, mmiliki baada ya mmiliki. Kamwe haianzii kwa dereva mashuhuri na kuteremka.

Anayeanza na jina kubwa huwa ameshaamua gari lake lilikuwa la nani, na kila karatasi atakayoiokota ataisoma kwa jicho hilo. Picha ya mwaka 1969 inaonyesha Camaro ya buluu, gari la michezo la Chevrolet, naye anayo Camaro ya buluu, basi kwake shauri limekwisha. Hajiulizi rangi hiyo ilipigwa lini wala nani alimlipa fundi.

Chukueni Camaro za ZL1 za mwaka 1969, kwa maana hakuna gari linalofundisha somo hili vizuri kuliko hizo. Chevrolet ilitengeneza 69 tu, zote katika kiwanda cha Norwood, Ohio, zikiwa na injini ya alumini yenye ujazo wa inchi 427. Kilichozizaa ni kanuni. Chama cha NHRA, kinachosimamia mbio za dragi Marekani na kilichoasisiwa na Wally Parks mwaka 1951, kilitaka angalau magari 50 ya aina moja yawe yametengenezwa ndipo aina hiyo iruhusiwe katika madaraja ya magari ya kiwandani. Fred Gibb, muuzaji wa Chevrolet katika mji mdogo wa La Harpe, Illinois, alipatana na Vince Piggins wa kampuni hiyo, akaagiza yote 50 kwa utaratibu wa maagizo maalumu uliojulikana kama COPO, agizo namba 9560. Bei zilipotoka, injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000, na gari zima likapita dola 7,000. Hebu fikirini, magari 50 ya bei hiyo katika mji ule wa mashambani! Gibb hakuweza kuyauza, na hatimaye Chevrolet ikayarudisha 37 na kuyagawa kwa wauzaji wengine.

Sasa tazameni mkanganyiko uliozaliwa hapo. Mtafiti anapata kumbukumbu ya kiwanda inayosema gari lilipelekwa La Harpe, kisha anapata hati ya mauzo ya kwanza kutoka kwa muuzaji wa jimbo jingine kabisa. Kwa haraka yake anatangaza kwamba mojawapo ni ya kughushi, na jalada zuri linatupwa kando, ilhali karatasi zote mbili ni za kweli na kila moja inaithibitisha mwenzake. Upande wa pili yuko dalali wa mnada anayeandika kwa herufi kubwa kwamba hili ni "gari la Fred Gibb", ili mnunuzi adhani ndilo lile ambalo Gibb alilishindanisha, lile lililotayarishwa na dereva na fundi Dick Harrell. Magari 50 yaliagizwa kwa jina la Gibb! Mengi kati ya hayo yalisimama tu katika uwanja wake yakingoja kuondolewa. Karatasi inayolitaja jina la La Harpe inawaambia gari lilianzia wapi, na haisemi lolote juu ya nani aliliendesha katika njia ya mashindano.

Mtaniuliza: kwani namba ya chasisi haimalizi ubishi? Inausaidia, lakini isomwe kwa utaratibu. Namba ya Camaro hizi ina tarakimu na herufi 13, ikianza na 124379N, ambapo 9 ni mwaka na N ni Norwood, kisha zinafuata tarakimu sita za gari lenyewe. Bati lake limeshikiliwa kwa ribiti juu ya dashibodi, na ribiti zinang'oka. Kwa sababu hiyo nawasihi mtazame sehemu ya namba hiyo iliyogongwa kwenye bodi penyewe, nyuma ya kasha la hita na chini ya kipande cha bati kilicho mbele ya kioo. Muuzaji anayesema kulifungua kasha la hita ni usumbufu, muageni kwa adabu na kuondoka.

Injini nayo imewapotosha wengi. Kuna ZL1 ambazo wauzaji waling'oa injini zake na kuziuza peke yake, kwa kuwa gari zima halikuwa na mteja, na kuna zile ambazo injini zilipasuka mashindanoni, kama ilivyotarajiwa. Chevrolet ilipotoa injini mbadala chini ya dhamana, iligonga herufi CE mahali ambapo pangekuwa na namba ya gari. Mnunuzi wa leo akiziona herufi hizo hununa, kwa kuwa anataka injini ya asili. Mimi nikiziona hufurahi! Gari lililoua injini yake likiwa bado chini ya dhamana lilikuwa likitumiwa kazi iliyokusudiwa, na alama ya mwaka iliyo karibu na CE inanielekeza ni msimu gani wa kumtafuta mmiliki wa wakati huo.

Huyo mmiliki wa wakati huo, asiye na jina, ndiye kiini cha hoja yangu. Mwenye gari wa kwanza anajulikana na wa mwisho yuko mbele yenu na hundi mkononi. Kilichopotea ni miaka ya katikati, gari lilipokuwa chombo kilichochakaa cha mashindano ya wikendi, likiuzwa bila injini, likibadilishwa rangi na jina la ubavuni kila msimu. Na tafadhali mtu asiniambie habari za kadi ya gari. Nchini Marekani hati ya umiliki hutolewa na jimbo, na gari linalovutwa kwa tela halihitaji kusajiliwa kwa ajili ya barabara, hivyo liliweza kupita mikononi mwa watu kadhaa kwa stakabadhi ya kuandikwa kwa mkono huku hati ikibaki kwa jina la mtu aliyekwisha kulisahau.

Watu hao hupatikana kwenye picha. Namba ya mshindani iliyoandikwa kwenye kioo si mapambo: tarakimu yake ya kwanza huonyesha kanda ya NHRA aliyotoka. Ukiona 7 elekea California na majirani zake. Ukiona 3 anza na Ohio, Indiana na Illinois. Kisha fungua matoleo ya National Dragster, gazeti la chama lililoanza mwaka 1960, utafute daraja lile na msimu ule. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana madalali hawaifanyi.

Pingamizi ninalolichukia zaidi ni hili: "Lakini dereva mwenyewe alilitambua gari, akatia sahihi kwenye dashibodi!" Dereva aliyeuza gari kila mwisho wa msimu ili anunue jingine hawezi kutambua fremu moja baada ya miaka 40, tena akiwa amezungukwa na mashabiki na kalamu. Don Garlits, dereva mashuhuri wa dragi, aliyapa namba magari yake aliyoyaita Swamp Rat na akafungua jumba la makumbusho Ocala, Florida. Wenzake wengi hawakuwa na uangalifu huo.

Naona mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo gari refu la dragi, lile la mabomba matupu, nitalipitia mbio. Halina namba ya serikali kwa kuwa halikujengwa kwa barabara. Lilitoka kwa waunganishaji kama Kent Fuller au Woody Gilmore, na utambulisho wake ni maungio ya bomba, vishikizo na matundu yanayolinganishwa na picha za zamani. Giaboksi ya Garlits ilipopasuka katika uwanja wa mbio wa Lions, California, mwezi Machi 1970 na kumkata sehemu ya mguu wa kulia, alirudi mwaka uliofuata akiwa na gari lenye injini nyuma, akaanza kushinda. Magari yenye injini mbele yakakosa thamani muda mfupi baadaye, yakakatwa au kutundikwa darini. Pengo la umiliki mnaloliona kwenye majalada yake linaanzia hapo. Kuhusu bodi za faiba zilizohamishwa kutoka chasisi moja hadi nyingine, tutazungumza siku nyingine.

La mwisho ni sheria ya shirikisho ya mwaka 1994 inayozizuia ofisi za usajili za majimbo kutoa ovyo taarifa binafsi za wamiliki. Wengi huilaumu, mimi siilaumu, kwani ilitungwa baada ya watu kudhuriwa na waliopata anwani zao kwa njia hiyo. Ukimtafuta mmiliki wa zamani, mwandikie barua kupitia wazee wa klabu na viwanja vya zamani, umwache mwenyewe achague kujibu. Akijibu, usimpelekee picha ya gari lako likiwa linang'aa. Mwombe kwanza aeleze lake lilitobolewa wapi, lilichomelewa wapi na alimuuzia nani, uyaandike yote, ndipo uende kufungua kasha la hita.

Sasa maswali, na tuanze na yule bwana wa nyuma aliyeinua mkono tangu nilipoitaja CE.