"Home" ni Nyumbani, Si Nyumba

Walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja na jua hili la Mombasa.

Juzi mwanafunzi wangu wa kidato cha pili aliniletea insha. Ameandika: "I went to home." Kiingereza sahihi ni "I went home", bila "to". Kalamu nyekundu ninayo mkononi, nikasita. Mtoto ameshasikia "to school", "to Likoni", "to the market". Kwa nini "home" itoroke?

Jibu limo katika Kiswahili chetu. Tukisema "nakwenda nyumbani", ile -ni imekwisha kubeba mahali. "Home", ikifuata kitenzi cha mwendo, ni nyumbani, si nyumba. Tangu Kiingereza cha kale, umbo la neno hili lenyewe lilitosha kuonyesha mtu anakoelekea. Wenzake ni "here", "there", "abroad", "upstairs": hapa, pale, ng'ambo, ghorofani. Pale Marikiti, gunia likishatwikwa hamali mmoja, wa pili humwiti.

Ila ukitaja nyumbani kwa nani, neno hurudi kuwa nomino, na "to" hurudi nayo: "I went to my grandmother's home". Na "from" haiachwi kamwe, maana "home" hubeba kwenda, kutoka haibebi.

Mara nyingine mbebaji ni kitenzi: "we reached Nyali", "she entered the room". "Arrive" haibebi, lakini nayo haitaki "to": mjini ni "in", kituoni ni "at".

Hapa pa "in" na "on" ndipo ningependa tukae kidogo. Mimi naishi "in Mombasa", kwa kuwa ni mji; lakini "on Mombasa Island", kwa kuwa kisiwa ni ardhi ya kukanyaga. Tuktuk ni "in". Feri ni "on", matatu pia "on", ingawa hakuna aliyepanda juu ya paa. Ndiyo maana nawasihi walimu: msifundishe "on" kwa "juu ya" peke yake. Anzeni na pa na mu, ambazo mtoto anazo tangu utotoni: hapa kituoni, "at"; humu garini, "in". "On" mfundisheni kwa mifano, mmoja mmoja.

Yule mwanafunzi sikumsahihishia. Nilimwambia aisome sentensi yake kwa Kiswahili, kwa sauti. Akasoma, akanyamaza, akaomba kalamu, akaikata "to" mwenyewe.