Rufaa ya Viza ya Familia: Historia Yako Inasomwa Yote

Habari zenu ndugu zangu, mnaonitazama kutoka Dar, Mwanza, Zanzibar na kwingineko. Kuna dada amenitumia ujumbe. Mumewe yuko huku Uingereza, yeye yuko Tabata anajaza fomu ya kumfuata. Kishoka mmoja amemshauri ajibu kwamba hajawahi kunyimwa viza popote, wakati ya Marekani alishanyimwa. Dada yangu, nakusihi, usifanye hivyo.

Lile swali linauliza kuhusu nchi yoyote, si Uingereza tu. Na ulipokwenda ubalozini uliweka vidole. Uingereza, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand wanapeana taarifa za alama za vidole. Kunyimwa ya Marekani peke yake hakukuzuii kuja kwa mumeo. Ukiandika "hapana" ndipo umejifungia mlango, maana hapo haiulizwi tena kama ndoa ni ya kweli, unaulizwa wewe kama ni mkweli. Picha za harusi, meseji, risiti za hela anazokutumia, vyote vinaanza kutiliwa shaka. Ni kweli mahakama zilishaamua kwamba kukosea bila nia mbaya si udanganyifu, na ni serikali inayopaswa kuthibitisha kuwa ulidhamiria. Lakini nani anasahau siku aliyonyimwa viza?

Ukinyimwa ukiwa nje ya Uingereza, una siku 28 za kukata rufaa. Aliye ndani ana 14. Ada ni pauni 80 kwa makaratasi tu, 140 mkitaka kusikilizwa. Jaji anaangalia haki ya maisha ya familia, Kifungu cha 8 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, halafu anaipima na mwenendo wako. Kifungo cha miezi 12 au zaidi ni kizito mno. Kupitiliza muda wa viza, majina ya bandia, yote yanahesabiwa. Na tangu 2014 sheria inamwambia jaji asiupe uzito mkubwa uhusiano wa wapenzi ulioanza wakati mmoja wao yuko nchini bila kibali.

Sasa, kuna kesi ambayo kila Mtanzania mwenye watoto huku anapaswa kuijua, inaitwa ZH (Tanzania). Mama wa kwetu aliingia 1995, akajilipua, yaani akaomba ukimbizi, mara tatu, mbili kati ya hizo kwa utambulisho wa uongo, zote zikakataliwa. Akawa amezaa watoto wawili, raia wa Uingereza kwa baba yao. Serikali ikashikilia historia yake ili imrudishe Tanzania. Februari 2011 majaji watano wa Mahakama ya Juu, hukumu kuu ikiandikwa na Lady Hale, walisema maslahi ya watoto yatazamwe kwanza, na watoto wasibebeshwe makosa ya mama yao. Akashinda. Naiheshimu sana hukumu ile. Lakini aliingia 1995, akashinda 2011. Hesabuni wenyewe miaka ya kulala na hofu.

Kwa hiyo dada yangu wa Tabata, andika "ndiyo". Taja mwaka, ambatanisha barua ya kunyimwa. Kama imepotea, sema imepotea. Mwambie na mumeo aeleze hivyo hivyo kwenye barua yake, msipishane. Na mwenye rekodi ya kifungo au aliyewahi kurudishwa nyumbani, achana na vishoka, tafuta mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla hujagusa hiyo fomu.